Mkono Kwenye Keria

Barabara ya zamani ya mlima Sekenke, kuanzia daraja dogo la chini hadi pale juu ardhi inapotulia penye shamba la alizeti, ina urefu wa kilomita mbili na mita mia nne hamsini. Kimo chake, yaani tofauti ya chini na juu, ni mita mia moja tisini na sita na nusu. Sikuyatoa hayo kwenye kitabu wala kwenye simu. Nilipima mwenyewe Jumamosi nne mfululizo, mke wangu akishika fimbo ya chini na mimi fimbo ya juu.

Mimi ni fundi mwashi, na pima yetu ya siku zote ni mpira wa maji. Ni mpira mwangavu wa mita ishirini uliojaa maji, ncha moja hapa na nyingine kule. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko sawasawa hata kama katikati kuna kichuguu. Nilichora sentimita kwenye fimbo mbili, tukapanda mlima hatua mia moja ishirini na tatu, yeye akisoma, mimi nikiandika. Kisha tukarudia kutoka juu kwenda chini, tukapata tofauti ya sentimita kumi na moja. Sentimita hizo zilinisumbua wiki nzima. Mke wangu alisema kwamba hata nyumba tunayokaa sikuipima hivyo, na ni kweli, mlango wa jikoni unakwaruza sakafu hadi leo. Nilichukua wastani wa vipimo viwili. Ilibaki nusu sentimita, nikaiacha.

Kila baada ya kupanda mita kumi za kimo tuliweka jiwe kando ya barabara, nikalipaka chokaa na kuliandika namba. Mawe yalikuwa kumi na tisa.

Sababu ya yote hayo ilikuwa habari niliyoisoma kwenye simu nikiwa juu ya jukwaa la kupigia lipu, saruji ikianza kukauka kwenye karai. Ilisema kwamba nchi za mbali kuna watu wanaochagua kilima kimoja na kukipanda kwa baiskeli, juu na chini, hadi jumla ya kupanda kwao ifikie kimo cha mlima mrefu kuliko yote duniani. Nilisoma mara tatu. Mlima mrefu kuliko yote duniani niliona ni wa wenyewe. Wetu ni Kilimanjaro, mita elfu tano mia nane tisini na tano, ambao sijawahi kuuona kwa macho. Baada ya kupima Sekenke nikagawanya. Mia moja tisini na sita na nusu inaingia mle mara thelathini kamili, hakuna kinachobaki. Nilirudia hesabu hiyo kwenye ubao, kwenye mfuko wa saruji na kwenye ukuta uliokuwa unasubiri rangi. Ilikuwa thelathini kila mara, na tangu hapo sikuweza kukaa kwenye kiti hadi chai ipoe.

Naeleza hali yangu ili msomaji asidhani ni mchezo tu. Niliacha shule kidato cha pili. Baada ya hapo nimejifundisha mwenyewe mambo mengi, na karibu yote yameishia njiani. Umeme wa majumbani niliusoma hadi nusu ya kitabu. Kijerumani nilikisoma kurasa arobaini, kwa sababu kitabu chenyewe nilikikuta mnadani. Nilianza kuchimba kisima Ikungi kwetu, nikakiacha kwenye mwamba. Wakati wa posa, baba wa mke wangu, Mnyiramba wa kijiji kilichoko juu ya mlima huohuo, aliwaambia wazee wangu mbele yangu kwamba hana neno na Wanyaturu, ila kijana huyu hatulii, na mtu asiyetulia hufika katikati ya kila kitu. Binti alimtoa. Lakini kwa miaka ishirini na miwili kila nilipomsalimia, "Shikamoo baba," aliitikia marahaba na kuniuliza, "Sasa hivi unafanya nini?" Hilo "sasa hivi" nililisikia vizuri.

Nilitaka kitu kimoja kizima, chenye mwanzo na mwisho, na mwisho wake uwe namba isiyobishaniwa. Goti langu la kushoto nalo lilikuwa limeshaonyeshwa kwa tabibu, akasema gegedu imelika na milima si yangu tena. Nilimwomba msimu mmoja wa kiangazi. Alicheka, akasema si yeye wa kuombwa.

Masharti niliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kupanda mara thelathini kwa siku mbili zinazofuatana, kumi na tano kila siku. Kupumzika kunaruhusiwa. Kushika lori hakuruhusiwi. Kusukumwa hakuruhusiwi. Miguu yangu tu. Mke wangu alisoma, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyetaka kunisukuma.

Alikuwa akitania, lakini swali lilikuwa na maana kuliko alivyojua. Barabara hiyo ya zamani bado ina watu. Kuna malori machache ya mawe ya dhahabu yanayopanda kwenda kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, taratibu kiasi kwamba utingo hutembea kando na kigingi cha mti mkononi, tayari kukitia nyuma ya tairi. Na kuna wabeba mkaa na wabeba alizeti, watu wazima wanaosukuma baiskeli zenye magunia mawili au matatu. Hao wana desturi yao. Mtu akiwa anapanda na mwenzake yuko mbele amelemewa, hampiti. Anaegesha ya kwake, anaweka mkono kwenye keria ya mwenzake, wanasukuma hadi kona, kisha wanarudi pamoja kuifuata ya pili. Hawaombani, wala hawashukuriani. Ni jinsi mlima huo unavyopandwa.

Mimi niliwapita. Miezi mitatu ya mazoezi, kila Jumamosi na baadhi ya jioni, niliwapita watu wale nikitazama saa. Nilijiambia kwamba dakika nikiivunja katikati, kipimo kinaharibika. Siku moja nilimpita mtu wa makamo aliyekuwa ameegemea gunia lake kwa kifua ili baiskeli isirudi nyuma. Aliniambia kwa upole, "Pita tu, fundi. Wewe huna mzigo." Nilipita. Nilikumbuka maneno yale hadi jiwe la kumi na sita, kisha gia ikaruka nikayasahau.

Watingo walikuwa na maneno yao. Mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu hata saa sita mchana, aliniuliza kila tulipokutana nimesahau nini huko chini. Nilipomjibu kwamba nafanya mazoezi alimgeukia dereva wake. "Mnyaturu huyu kazoea tambarare," alisema. "Kaonyeshwa mlima mmoja, anadhani ni mingi."

Siku ya kwanza ilikwenda kama nilivyoipanga. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai ikiuma vidole kwenye breki. Mke wangu alikaa juu penye shamba la alizeti na daftari, saa ya ukutani aliyoitoa sebuleni, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na maji niliyoyakoroga kwa asali ya Itigi na chumvi. Alikuwa akiandika dakika zangu na kunisomea kama karani wa mahakama. Ishirini na sita. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Kushuka kulikuwa dakika saba, na hakukuwa mapumziko, maana mikono ndiyo iliyofanya kazi. Kumi na tano zilitimia jua likiwa bado liko juu. Tulilala palepale kijijini kwa wazazi wake. Baba mkwe aliuliza sasa hivi nafanya nini, nikamwambia napanda mlima mara thelathini, nimefika kumi na tano. "Katikati," alisema, akaenda kufunga mbuzi.

Nililala nikiwa na hasira, na niliamka nayo ikiwa imekaa kwenye goti.

Siku ya pili dakika zilianza kupanda. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini na moja. Kuanzia mpando wa ishirini na mbili sikuwa natazama mbele tena. Nilitazama gurudumu na kipande cha udongo kama cha mkeka kilichokuwa kikija chini yake. Niliwahesabu siafu. Nilihesabu mizunguko ya pedeli kati ya jiwe na jiwe, na idadi ilipotofautiana nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba kwenye wa ishirini na nne nilimjibu kwa Kinyaturu, lugha ambayo yeye haisemi.

Wa ishirini na saba ulikuwa mnamo saa tisa alasiri. Kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara, iko chini kidogo ya jiwe la kumi na tatu. Mahali hapo nilihisi baiskeli imekuwa nyepesi. Nimesoma kwamba mwili ukichoka sana huja nguvu ya pili, na nilifurahi kwamba nimeifikia. Nilipanda hivyo, nikipumua kwa mpango, hadi jiwe la kumi na nne. Hapo nikasikia mtu mwingine anapumua.

Niligeuza shingo. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu, koti lake jeusi la kanisani limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja na fimbo, mkono mwingine kwenye keria. Alikuwa akitembea ameinama, uso chini, kama mtu anayesukuma gunia.

Naomba nieleweke. Mkwe haambiwi aondoe mkono. Huwezi kumwambia baba wa mke wako, mtu wa miaka sabini na kitu aliyeshuka mlima kwa miguu kukufuata, kwamba msaada wake una kasoro. Maneno niliyaandaa. Baba, ahsante, inatosha. Baba, nitaendelea. Kila nililoliandaa lilikuwa na maana moja, toa mkono, na kila nilipofungua mdomo ulitoka upepo mtupu. Nilifikiri kusimama. Lakini nikisimama angeona nimelemewa, na angeweka mkono wa pili.

Basi nikaendelea kukanyaga. Njiani tulikutana na wabeba mkaa wawili wakishuka na magunia matupu. Walimwamkia yeye kwanza, kisha mmoja akaniambia mimi, "Leo umepata mtu, fundi." Baba mkwe hakuinua uso. "Ni mkwe wangu," alisema. "Hapa hatumwachi mtu." Aliyasema kwa sauti ambayo wangeisikia hata walioko kwenye kona inayofuata, nami nikaelewa kilichomleta. Watu walikuwa wamemuuliza kuhusu yule mkwe wake anayepita watu. Alikuja kulisafisha jina, langu na lake, kwa njia anayoijua.

Kwenye jiwe la kumi na saba pumzi ilimwishia. Mkono ulitoka, baiskeli ikawa nzito ghafla, karibu nianguke. Alikaa kwenye jiwe langu, akakalia chokaa na namba, akanipungia fimbo niende.

Juu nilimwambia mke wangu kilichotokea. Daftari lilikuwa mapajani mwake, kalamu hewani. Aliniuliza aandike nini. Nilijua la kufanya kwa hesabu, kwamba kati ya jiwe la kumi na nne na la kumi na saba ni mita thelathini za kimo, na kwamba nikimaliza wa thelathini nikashuka hadi jiwe la kumi na nne, nikapanda tena hadi juu, deni limelipwa, dakika kumi na mbili hivi, na jua litakuwepo. Nilimwambia aandike ukweli, tutarekebisha mwishoni. Nilichukua kalamu nikaandika mwenyewe, kwa herufi ndogo, pembeni ya dakika. Niliandika pale nilipoona. Sikuandika pale nilipohisi.

Tatu zilizobaki sina la kusimulia. Nilipanda kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukifuata.

Nilipofika mara ya thelathini saa ilikuwa kumi na moja na nusu. Sikushuka kwenye baiskeli. Niligeuza usukani palepale kuelekea chini, kwa ajili ya zile mita thelathini, na ndipo nikaona kwamba mke wangu hayuko peke yake. Baba mkwe alikuwa amesimama mbele ya gurudumu langu, na nyuma yake wabeba mkaa wale wawili, na utingo wa kofia ya sufu ambaye lori lake lilikuwa likipoa kando. Baba mkwe alinyoosha mkono.

"Umemaliza," alisema.

Miaka ishirini na miwili nililisubiri neno hilo kutoka kinywa hicho. Nilikuwa nimeshika breki zote mbili. Kushuka kungechukua dakika mbili na kupanda dakika kumi, na ningekuwa mkweli mbele ya daftari. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, una chokaa. Nilishuka kwenye baiskeli nikaupokea.

Utingo alisema sasa Mnyaturu arudishwe kwao kabla hajauona mlima mwingine. Watu walicheka. Mimi nilikuwa natazama barabara, jua liko juu ya mbuga ya Wembere, na bado kulikuwa na muda. Nilisimama kwa mguu mmoja, nikabadili, nikarudi kwenye ule wa kwanza. Mke wangu alinipa uji, nikaushika bila kunywa. Jua likashuka hivyohivyo, wakiwa wananisifu.

Nyumbani kwake, kabla ya kula, baba mkwe aliliona daftari. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Alimwambia binti yake, "Nisomee."

Mke wangu alinitazama. Sikumpa ishara yoyote, si kwa ushujaa, ni kwamba sikujua ipi. Akaanza wa kwanza. Alisoma taratibu, dakika moja moja, na baba yake akiitikia kwa kichwa kila moja kama anayepokea magunia. Baada ya wa ishirini na sita aliweka kidole chini ya mstari.

"Wa ishirini na saba, dakika ishirini na tisa. Jiwe la kumi na nne hadi la kumi na saba, mkono wa baba. Mita thelathini hazimo."

"Hazimo wapi?"

"Kwenye hesabu, baba," nilisema mimi. "Masharti yalikuwa nipande kwa miguu yangu tu."

"Kwa hiyo hukumaliza."

"Sikumaliza, baba."

Mama mkwe aliacha kupakua. Nilifikiri juu ya mkono ule wa chokaa na nikaona kwamba nimeharibu vyote viwili, hesabu na heshima, kwa siku moja.

"Ulishindwa nini kuniambia nitoe mkono?"

Mke wangu alijibu kabla yangu. "Angekuambiaje, baba?"

Alilifikiria hilo, akaonekana kulikubali. Kisha aliniuliza mita thelathini za kimo ni sawa na kutembea umbali gani. Nilimwambia ni kama mita mia tatu sabini na tano za barabara. Akakunja uso kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Unanipunja, mkwe. Mimi nilianzia kalavati."

Nilimweleza, kwa adabu, kwamba nilimwona jiwe la kumi na nne. Alisema kuonwa ni kuonwa na kushika ni kushika. Alishika kalavati, alikumbuka kwa sababu alikanyaga kingo yake, na hakutembea mlima wote ule kuja kuandikiwa nusu ya kazi yake. Mama mkwe alimwambia amwache mgeni ale. Akasema huyu si mgeni, ni mtu anayeandika vitu vya uongo kwenye daftari. Walicheka wote isipokuwa sisi wawili.

Asubuhi nilipotoka alikuwa ameshatangulia. Nilimfuata kwa miguu, goti likiwa limevimba kama kibuyu, nikashika miti ya kando kwenye kona. Nilimkuta kalavatini, amesimama juu ya kingo, fimbo imeelekezwa ardhini.

"Hapa," alisema.

Kwa kawaida ningebisha. Lakini mahali hapo ndipo baiskeli ilipokuwa nyepesi, na niliipima barabara ile mara mbili, kwenda na kurudi. Pale kalavatini mwinuko haulegei hata kidogo. Hakuna kitu kingine pale ambacho kingeweza kunipunguzia uzito. Kutoka kalavati hadi jiwe la kumi na nne ni mita kumi na mbili.

Nilitoa daftari, nikakata thelathini kwa mstari mmoja, nikaandika arobaini na mbili. Alitaka niisome kwa sauti, nikaisoma. Aliridhika, akaanza kupanda, na mimi nyuma yake, nikihesabu ni Jumamosi ngapi zimebaki kabla ya mvua.